Mali Haiko Kwenye Jiwe

Haya ni maneno niliyoyasema mbele ya wafinalisti wa kitengo cha biokemia, wazazi wao na walimu, katika ukumbi mmoja hapa Lubumbashi. Nimeyaandika upya kwa kufuata karatasi zangu. Mwishoni nimeweka maswali mawili yaliyoulizwa, kwa sababu yalikuwa mazuri kuliko baadhi ya niliyoyasema mwenyewe.

Wazazi wetu, walimu wenzangu, na ninyi wafinalisti mnaosubiri mtihani wa Serikali: jambo yenu.

Barua iliyoniita hapa ilinitaka nizungumze juu ya kemia katika maumbile, katika viwanda na katika maisha ya kila siku. Kichwa hicho kinatosha kumfundisha mtu miaka mitano ya chuo kikuu, nami nimepewa saa moja, tena baada ya chakula cha mchana, wakati bukari inaanza kuwavuta watu kwenye usingizi. Kwa hiyo nitajibana. Nitazungumza juu ya mji huu tu, na juu ya jambo moja ambalo ningependa mtoke nalo: mali ya Katanga haijawahi kuwa kwenye jiwe. Iko kwenye hatua zinazolibadilisha jiwe, na anayezijua hatua hizo ndiye anayepanga bei.

Lakini kwanza tufanye kazi ya mikono, ili tusilale.

Hapa mezani nina vitu vinne. Kuna unga wa malakiti, lile jiwe la kijani ambalo mafundi wetu hulichonga hereni, mikufu na vibweta vya kuwauzia wageni. Kuna asidi ya salfuriki, ile ile inayotiwa kwenye betri za magari, ambayo asubuhi niliizimua. Niliitia asidi kwenye maji polepole, wala sikutia maji kwenye asidi, kwa maana ukifanya kinyume maji huchemka ghafla na kuirusha asidi usoni. Kuna gilasi. Na kuna msumari wa chuma niliousugua kwa msasa mpaka ukang'aa.

Ninaimimina asidi juu ya unga. Walio mbele mnasikia linavyochacha? Povu hilo ni hewa ya ukaa iliyokuwa imefungwa ndani ya jiwe tangu zamani ambazo hakuna binadamu aliyekuwapo kuzihesabu. Tazameni unga wa kijani unavyopungua, na maji yanavyogeuka bluu. Bluu hiyo ndiyo shaba. Haijapotea. Imetoka kwenye kifungo cha jiwe na sasa inaelea majini kama ayoni, kila moja ikiwa imepungukiwa na elektroni mbili.

Sasa msumari. Nautumbukiza nusu, tusubiri kidogo. Wewe kijana wa mstari wa pili, njoo uutoe. Waoneshe wenzako. Nusu ya juu bado ni ya kijivu, nusu ya chini imekuwa nyekundu. Pitisha kidole. Umebaki na ungaunga mwekundu, sivyo? Hiyo ni shaba, na hakuna aliyeipaka. Atomu za chuma zimeingia majini na kuacha elektroni mbili mbili, ayoni za shaba zimezichukua elektroni hizo na kurudi kuwa metali. Ukiuacha msumari humo mpaka kesho, bluu itapauka na chuma kitaliwa.

Asante, nenda ukanawe mikono. Kwa sabuni, si kwa maji matupu.

Jaribio hili halina ugeni wowote, liko kwenye vitabu vyenu. Nimelifanya kwa sababu viwanda vingi vilivyotapakaa kutoka hapa mpaka Likasi, Fungurume na Kolwezi hufanya karibu mambo hayo hayo. Jiwe husagwa, hutiwa asidi ya salfuriki, na shaba huingia majini. Tofauti ni kwamba jiwe la mgodini si malakiti tupu. Malakiti tupu ina shaba asilimia 57 ya uzito wake, lakini mgodini imechanganyika na udongo na mawe mengine, na mara nyingi shaba ni asilimia chache tu. Tena asidi haichagui. Inaibeba shaba, kobalti, chuma, manganizi, vyote pamoja. Ndipo wanapotumia mafuta maalumu yenye molekuli zinazoikamata shaba na kuyaacha mengine, kama kijana wa basi anayeita abiria wa Kasumbalesa peke yao na kuwapita wa Likasi. Baadaye shaba hiyo hutolewa kwenye mafuta, hurudishwa kwenye asidi safi, na umeme hupitishwa. Msumari hauhitajiki tena. Elektroni zinaletwa na waya. Kila tani moja ya shaba hula umeme wa kilowati-saa 2,000 hivi, na ndiyo maana umeme ukikatika wenye viwanda hukunja uso kuliko sisi wa mitaani.

Kitu kinachotoka mwishoni ni bamba lenye shaba ya asilimia 99.99. Mtu anaweza kuuliza, hizo tisa zote ni za nini? Ni za waya. Elektroni hupita vizuri penye atomu zilizopangika. Uchafu kidogo tu wa fosforasi au aseniki huivuruga safari hiyo, waya ukapata joto na umeme ukapotea njiani. Kwa hiyo mnunuzi hanunui shaba tu, ananunua tisa. Na tisa hazichimbwi kwa sululu.

Msinielewe kwamba ujuzi huu uliletwa na treni. Reli ilifika hapa 1910, na tanuru la Lubumbashi likatoa shaba yake ya kwanza 1911. Kabla ya hapo, kwa karne nyingi, watu wa nchi hii walikuwa wakiyeyusha malakiti katika matanuru ya udongo wa kichuguu, kwa makala ya miti ya miombo na mivukuto ya ngozi. Misalaba ya shaba waliyoimimina kwenye kalibu ilisafiri mbali, ilinunua vitu, ililipa mahari, na mingine imefukuliwa makaburini kule Sanga, katika bonde la Upemba. Fikirini kazi yenyewe. Shaba huyeyuka kwenye nyuzi 1,085. Kuni zilizowashwa nje hazifiki huko. Ni lazima uwe na makala, upepo wa kutosha, na tanuru lisilovuja joto. Na joto peke yake halitoshi, maana ukilipasha jiwe la kijani bila kitu kingine utapata oksidi nyeusi, basi. Kinachoinyang'anya oksidi ile oksijeni yake ni monoksidi ya kaboni, gesi inayotoka kwenye makala yanayoungua kwa upepo wa kubana. Wazee wale hawakuiita hivyo. Lakini walijua mlango wa tanuru ufunguliwe kiasi gani, na rangi ya moto iweje, na hiyo ni kemia iliyopimwa kwa jicho.

Mahali walipofanyia kazi pamejulikana kwa njia ambayo mimi naipenda sana. Iko mimea isiyoogopa shaba. Mmoja wataalamu huuita Haumaniastrum katangense, majani ya kawaida yenye maua madogo, wengine huuita tu ua la shaba. Udongo wenye shaba nyingi huua mizizi ya miti, na ndiyo sababu vilima vya shaba vya Katanga vilikuwa na upara katikati ya msitu wa miombo. Ua hili hukaa hapo. Wajiolojia walilifuata wakitafuta madini. Baadaye waakiolojia nao wakalifuata, kwa sababu linaota pia penye mabaki ya matanuru ya zamani, ambako udongo bado una shaba iliyomwagika zamani za mababu. Mmea unasoma udongo kuliko sisi.

Na shaba yenyewe si adui wa uhai. Mwilini mwako, wewe uliyeketi hapo, kuna shaba ya miligramu 100 hivi, na bila hiyo usingeweza kutumia chuma cha damu vizuri. Konokono wa bustanini kwenu hana damu nyekundu. Anabeba oksijeni kwa shaba, na damu yake ikikutana na hewa inaelekea bluu. Kobalti nayo, hii ambayo magazeti ya dunia hayaachi kuitaja, iko katikati ya kila molekuli ya vitamini B12. Kiasi chake ni kidogo mno, lakini kikikosekana damu inaharibika.

Sasa tutoke tuutazame mlima. Kila mtu hapa anaujua ule mlima mweusi kando ya bomba refu la moshi. Watoto huuchora wakiambiwa wachore mji wao. Ni taka: mabaki ya mawe yaliyoyeyushwa miaka mingi, yakamwagwa yakiwa moto, yakaganda. Waliouanza walitaka shaba, na kilichobaki hawakuwa na kazi nacho.

Hapo ndipo nawaomba wafinalisti wafungue jedwali la elementi. Mwaka 1871 Mrusi mmoja, Dmitri Mendeleev, aliacha nafasi tupu chini ya silikoni. Hakuwa ameiona elementi ya kukaa hapo, wala hakuna aliyeiona. Lakini kwa kufuata mpangilio alisema itakuwa ya kijivu na uzito wake wa atomu utakuwa 72 hivi. Mwaka 1886 Mjerumani Clemens Winkler akaipata ndani ya madini ya fedha, na kipimo cha leo ni 72.6. Akaiita germani kwa jina la nchi yake. Kwa muda mrefu haikuwa na kazi kubwa. Leo inatiwa kwenye nyuzi za kioo zinazopitisha intaneti chini ya bahari, na kwenye lenzi za kamera zinazoona joto gizani.

Mawe ya mgodi wa Kipushi, kilomita 30 kutoka hapa mlipoketi, yana germani pamoja na zinki na shaba. Yalipoyeyushwa Lubumbashi, sehemu ya germani ilikwenda na taka. Imelala kwenye mlima mweusi miaka yote hiyo, mvua ikinyesha, watoto wakiuchora. Mwaka 2024 germani iliyotolewa kwenye taka hizo ilianza kusafirishwa kwenda kusafishwa Ubelgiji. Mlima haukubadilika. Atomu ni zile zile. Kilichobadilika ni kwamba kuna watu walijua asidi gani, kwa joto gani, na nini kitangulie.

Tena angalieni inakwenda wapi kusafishwa. Nafurahi kwamba hatua ya kwanza imefanyika hapa, kweli nafurahi. Lakini hatua ya mwisho, ile ya tisa nyingi, bado iko ng'ambo.

Tulikwisha kuyaona haya Shinkolobwe, karibu na Likasi. Madini ya urani ya pale yalitambuliwa 1915. Tangu 1922 yalisafirishwa mpaka Olen, Ubelgiji, ili kutolewa radiamu, ambayo wakati huo hospitali ziliitaka kwa kutibu saratani na bei yake ilikuwa ya kutisha. Urani iliyokuwa ndani, nyingi kuliko radiamu kwa mamilioni ya mara, ilikuwa karibu na takataka. Walitumia kidogo kutia rangi kwenye vioo na vyombo vya udongo. Kisha mwishoni mwa 1938, huko Berlin, wanakemia Otto Hahn na Fritz Strassmann waliipiga urani kwa nyutroni na wakakuta bariamu mahali ambapo bariamu haikupaswa kuwapo. Kiini cha urani kilikuwa kimepasuka. Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkuu wa kampuni iliyomiliki mgodi, alipeleka madini ya tani 1,200 hivi kwenye ghala moja New York, na mwaka 1942 jeshi la Marekani likayanunua. Mwisho wake mnaujua: bomu la Hiroshima, Agosti 1945. Watu waliochimba mawe yale kwa mikono hawakuambiwa walikuwa wanashika nini. Mimi hilo silihesabu kuwa historia tu. Kutojua kemia ya kitu ulichokishika ni kumwachia mwingine aamue kitu hicho ni nini.

Basi tuache migodi, twende jikoni, maana naona akina mama wameanza kutazama saa.

Sombe. Mnaipondaje? Kwa nini inapondwa sana kabla ya kupikwa? Mtaniambia ili ilainike, na ni kweli. Lakini kwenye jani la muhogo kuna kitu kinaitwa linamarini, na mahali pengine ndani ya jani hilo hilo, kimetengwa, kuna kimeng'enya kinachoivunja. Jani likiwa zima haviguswi. Mdudu akiuma, au mtwangio ukishuka, kuta zinapasuka, viwili vinakutana, na matokeo yake ni sianidi. Ndiyo, ile sumu. Muhogo unajilinda. Sasa jambo zuri: sianidi ya hidrojeni huchemka kwenye nyuzi 26 tu. Kwa hiyo ukitwanga vizuri, ukaiacha kinu wazi kidogo, kisha ukachemsha bila kufunika mwanzoni, nyingi inaondoka na mvuke. Anayetwanga harakaharaka na kukata kwa kisu makubwa makubwa anaacha linamarini ndani, haijavunjwa, nayo haiondoki kwa urahisi hivyo. Mama anayemfokea binti yake "twanga tena, bado" anafundisha kemia, hata kama binti anaona ni kuteswa. Kulowesha mihogo michungu siku kadhaa ni mmenyuko huo huo, umepewa maji na muda. Kule Kwango, watu waliopunguza siku za kulowesha ili wauze haraka walipata konzo, ugonjwa wa kupooza miguu usiorudi nyuma.

Mbabula, jiko letu la makala. Hili naliomba kwa moyo wote, kwa sababu Juni na Julai inakuja na baridi ya hapa mnaijua. Ile gesi iliyowasaidia wazee kuyeyusha shaba, monoksidi ya kaboni, inatoka pia kwenye mbabula ya chumbani. Haina harufu. Haina rangi. Inashikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu haoni anabanwa; anaumwa kichwa, anasinzia, anaona bora alale kidogo. Makala mekundu yasiyotoa moshi ndiyo watu huyaingiza ndani wakidhani yako salama, na hayako salama hata kidogo. Pikeni nje, oteni moto nje, blanketi la pili ni nafuu.

Maji ya javeli msiyachanganye na dawa ya choo yenye asidi, wala na siki. Inatoka klorini, na klorini katika choo kisicho na dirisha inaunguza mapafu. Yatumieni peke yake, na maji. Nimemaliza hilo.

Mbolea nitaipitia mbio, ingawa peke yake ingestahili mkutano. Hewa tunayovuta ni nitrojeni asilimia 78, na mahindi yanakufa njaa katikati ya nitrojeni hiyo kwa sababu atomu zake zimeshikana mbili mbili kwa kifungo cha mara tatu. Fritz Haber alikivunja maabarani 1909, Carl Bosch akakipeleka kiwandani 1913, na leo karibu nusu ya watu wa dunia wanakula kwa sababu ya kiwanda cha aina hiyo. Sisi tunaununua unga wa mbolea hiyo kwa dola. Tuna maji ya kuzalisha umeme, na umeme unatoa kwenye maji hidrojeni, ile inayounganishwa na nitrojeni kupata mbolea. Wafinalisti, fikirieni.

Nirudi kwenye asidi, kwa sababu nimeionesha upande wake wa kupendeza tu. Maji yale ya bluu kwenye gilasi, yakimwagwa mtoni, hayaachi kuwa yaleyale. Samaki hafi kwa sababu shaba ni mbaya. Anakufa kwa sababu ayoni za shaba zinaziba mahali pa kupitishia chumvi kwenye matamvua yake, na hilo linatokea kwa kiasi ambacho jicho lako haliwezi kukiona. Dawa yake inajulikana na si ghali: chokaa. Karibu na Likasi, Kakontwe, kuna mawe ya chokaa ya kutosha. Yachome kwenye nyuzi 900 hivi upate chokaa, itie kwenye maji ya asidi, pH (kipimo cha asidi, ikiwa chini asidi ni kali) ipande, na metali nyingi zitaganda na kuzama zikawa tope. Kiwanda chochote kinajua hivyo. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba maji machafu hayakwepeki, mwambie umesoma. Linalokwepwa ni gharama ya chokaa na ya kulitunza tope. Mkaazi wa kando ya mto Kafubu mwenye karatasi za kupimia pH, za bei ya soda chache, ana neno zito kuliko mwenye kulalamika kwa sauti. Akiziona zimegeuka nyekundu, apige picha, aandike tarehe na saa.

Neno moja juu ya kobalti. Mwaka 1980 John Goodenough na wenzake, huko Oxford, walionesha kwamba tabaka za oksidi ya kobalti zinaweza kupokea na kutoa ayoni za lithi bila kubomoka. Mwaka 1991 kampuni ya Sony ikaanza kuuza betri za namna hiyo, na 2019 Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino wakapewa Tuzo ya Nobel ya kemia. Kobalti ya kwetu ikawa kitu cha kila mfuko. Zaidi ya theluthi mbili ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka nchi hii, na sehemu kubwa inaondoka kama unga wa hidroksidi, kusafishwa China. Lakini wanakemia wengine walichoka na bei ya kobalti wakatafuta njia ya kuipita. Betri za chuma na fosfeti hazina kobalti hata chembe, na magari mengi ya umeme yanayotengenezwa China sasa yanazitumia. Hazibebi nishati nyingi kama za kobalti kwa uzito ule ule, ila ni rahisi na haziwaki moto kwa wepesi. Hakuna mgodi uliofungwa kwa bunduki hapo. Ni kanuni iliyoandikwa ubaoni.

Kwa hiyo ninapowasikia watu wakisema "tuna kobalti, dunia itatupigia magoti", mimi nauliza tuna maabara ngapi zinazojua kuipima, ngapi zinazojua kuifikisha kwenye usafi wa betri, na vijana wangapi wanaojua kuitoa tena kwenye betri iliyokufa. Hilo la mwisho lina kazi ya miaka mingi, na halihitaji shimo.

Asanteni. Maswali.

Swali la kwanza lilitoka kwa kijana aliyetaka kujua kama kuna kazi kwa msichana au mvulana aliyemaliza kemia bila "mtu wa kumsukuma". Nilimjibu hivi: mlango ulio wazi kuliko mingine ni wa uchambuzi. Kila gunia, kila bamba, kila lori linalovuka Kasumbalesa linahitaji karatasi inayosema ndani kuna asilimia ngapi, na pande zote mbili, muuzaji na mnunuzi, hupima. Asilimia moja ya kobalti kwenye shehena ni pesa nyingi. Mtu anayepima vizuri, anayeandika alichokiona na si alichoombwa akione, hawezi kukaa bila kazi muda mrefu, kwa sababu hata mdanganyifu anahitaji kujua ukweli ni upi kabla ya kuudanganya. Watu walicheka. Mimi nilikuwa nasema kweli.

Swali la pili lilitoka kwa mama mmoja mwenye bustani ya lengalenga upande ule ambako upepo umepeleka moshi wa tanuru kwa miaka mingi. Aliuliza: kama kuchemsha kunaitoa sumu ya sombe, je, akiichemsha lengalenga sana, metali nazo zinaondoka?

Nilimjibu: hapana, mama. Sianidi ni molekuli. Ukiivunja au ukiifukuza, imekwisha. Kadimi na risasi ni elementi. Hazivunjiki kwa moto wa jikoni wala wa tanuru. Ukichemsha, nyingine zinabaki kwenye mboga, nyingine kwenye mchuzi, na wewe unakunywa mchuzi. Linalosaidia ni kuzizuia zisipande kutoka kwenye udongo. Kwanza osha majani kwa maji safi mara mbili au tatu, maana sehemu ya metali ni vumbi lililokaa juu ya jani. Pili, udongo wetu mwekundu una asidi, na asidi ndiyo inayozilegeza metali zikaingia mizizini. Tia chokaa ya kilimo na samadi au mboji iliyooza vizuri, kila msimu. Tatu, kwenye kiwanja kama hicho panda mahindi au maharagwe, mimea ambayo kwa kawaida haipeleki kadimi nyingi kwenye punje, na lengalenga ihamishie kwenye udongo ulioletwa kutoka mbali, hata kama ni magunia kumi tu kando ya ukuta. Akauliza chokaa kiasi gani. Nikamwambia inategemea pH ya udongo wake, alete kiganja kimoja kimoja kutoka pembe nne na katikati ya bustani, auchanganye, aukaushe kivulini, amletee mwalimu wa kemia wa mwanawe. Mwalimu alikuwa ameketi pale. Akainua mkono.